Diski Iliyojaa

Wapendwa, naona wengi mmeingia humu na uchovu wa wiki nzima. Basi nisikilizeni, nina habari za mama mmoja aliyechoka kama ninyi.

Mama huyo, tumwite Mama Kaanaeli, alikuwa muuguzi. Akitoka zamu anamkuta mama mkwe wake kitandani, anamwogesha, anambadilishia shuka, anamlisha uji, ndipo naye akae. Mwili wa bibi ulikuwa umekwisha, lakini sauti ilibaki. Alisimulia alivyoolewa, akataja watoto aliowazika, akaimba nyimbo alizowabembelezea waliobaki. Mkwewe akawa anamrekodi kwa simu, kisha anahamishia kwenye kompyuta ya sebuleni.

Mumewe aliogopa kompyuta ile isije ikaharibika siku moja. Akanunua diski ya pembeni, akaichomeka, akaipanga kompyuta iwe inatoa nakala yenyewe kila Jumamosi.

"Hapo tumemaliza, Mama Kaanaeli," alisema. "Hata tukisahau sisi, yenyewe itakumbuka."

"Afadhali," mkewe akajibu. "Angalau kimoja humu ndani kisichonisubiri mimi."

Ndugu zangu, nani kati yetu hajawahi kutamani kitu cha namna hiyo?

Lakini picha na video za familia zilikuwa nyingi, zikatangulia kuingia, zikaijaza diski upesi. Jumamosi moja ukatokea ujumbe kwenye kioo: nakala haikutolewa, diski imejaa. Chini yake pa kubonyeza pawili: shughulikia sasa, au nikumbushe baadaye. Mama Kaanaeli alikuwa amesimama wodini tangu asubuhi, miguu imevimba. Akabonyeza baadaye. Wiki nyingine akaukuta tena, akabonyeza tena. Wiki nyingine hakuukuta, akashusha pumzi: bila shaka Baba Kaanaeli ameushughulikia, yeye ndiye mjuzi wa mambo haya.

Masika bibi akapigwa kiharusi. Ulimi ukafungwa, akabaki anawatazama tu. Binti yake akaja kutoka mbali, akakaa kando ya kitanda, akasema, "Wifi, naomba unifungulie nimsikie mama."

Kompyuta haikuwaka. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa. Vilivyokuwemo vimepotea vyote.

"Usijali, nakala tunazo," mume akamwambia dada yake.

Fundi akaichomeka ile diski. Picha zikatoka, video za sikukuu zikatoka. Sauti ya bibi ikatoka moja tu, ya siku ile ya kwanza, iliyowahi kuingia kabla diski haijajaa: "Imeshawaka? Haya, nianzie wapi?" Kisha kimya. Wifi akajifunika uso kwa kanga. Bibi naye alisikia, maana chozi lilimtoka.

Wageni walipotoka, Mama Kaanaeli akamwendea mumewe. "Baba Kaanaeli, nisamehe. Ule ujumbe nilikuwa nauona. Nikabonyeza baadaye, nikijua wewe utashughulikia."

Mume hakuinua kichwa. "Mimi nami nilikuwa nauona," alisema. "Nilibonyeza hapo hapo ulipobonyeza wewe. Nikadhani umeshaniwahi."

Mmesikia? Nyumba ile haikuwa na mvivu. Haikuwa na mtu asiyempenda bibi. Walikuwa wamechoka, na kila mmoja akautua mzigo begani kwa mwenzake bila kumwambia.

Na sisi je? Sala ya nyumbani, baba anadhani mama anasali na watoto, mama anadhani baba. Mzazi kule kijijini, kaka anadhani dada amempigia simu. Mnaishi nyumba moja na hamjaulizana! Kama mmechoka wote wawili, semeni mmechoka, Mungu hamfukuzi mtu kwa kuchoka. Lakini semeni, mwenzako apate kujua.

Yuko mgonjwa wa usharika huu, nyumba yake iko hapo nyuma ya kisima, hajaonwa na mtu tangu Pasaka. Wiki hii nimeuliza wazee, nimeuliza kwaya, nimeuliza akina mama. Kila niliyemuuliza alidhani mwenzake amekwenda.

Leo, tukitoka hapa, nani anakwenda?