Madam Namkunda Amepumzika

Soma mpaka mwisho ndipo uisambaze. Wanaosambaza kabla ya kuelewa ndio walioleta nusu ya mambo utakayoyasoma hapa. Nusu nyingine ililetwa na wale wanaoelewa vizuri kabisa na bado wananyamaza.

Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyeitwa Namkunda. Alifundisha sekondari moja ya kulipia, zile zenye ukuta mrefu na maneno matamu getini. Mwalimu wa fizikia akienda likizo ya uzazi, vipindi anapewa Namkunda. Mwalimu wa zamu akiumwa, zamu anapewa Namkunda. Mahafali, safari ya wanafunzi, mtoto aliyetapika bwenini: "Mwiteni Madam Namkunda, yeye hana neno."

Hana neno! Ndivyo tunavyowasifu watu tunaowamaliza.

Asubuhi moja alisimama ubaoni, akaandika saba, akashindwa kukumbuka inayofuata. Wanafunzi walicheka. Kisha wakamwona anahesabu kwa vidole, wakaacha kucheka.

Daktari alimpima kila kinachopimika. "Huna malaria, huna taifodi," akamwambia. "Umeisha, mama. Kaa nyumbani mwezi mzima. Lala. Tembea taratibu na familia yako. Fanya kitu ambacho hakuna mtu atakayekisahihisha."

Namkunda akaenda kwa Mkuu wa Shule, Bwana Mchome.

"Mwezi mzima?" Mkuu akashangaa. "Madam, nani hajachoka? Hata mimi hapa nimechoka."

"Mkuu, nimesahau kuhesabu."

"Hakuna mtu wa kushika vipindi vyako. Ningekuwa naye ningekuzuia ili iweje? Hayupo. Pumzika Jumamosi na Jumapili, Jumatatu nikukute darasani. Nisipokukuta, nitajua umeichoka kazi, na mlango ule pale."

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Walimu wenzake walisikia kila neno. Alipotoka, wakampa pole moja moja, wakaendelea kupuliza chai.

Jirani yake, Mama Bhavna, ndiye aliyekuja na wazo. "Jumamosi njooni hekaluni kwetu," akamwambia Mbazi, mume wa Namkunda. "Kuna bustani, kuna kimya, na hakuna atakayemuuliza mgonjwa kitu."

Mbazi akampigia simu dada yake Itikija, aliyekuwa akiishi mbali, wilaya nyingine, kumpa habari. Itikija akapandwa na mori.

"Mnampeleka wifi yangu, Mlutheri wa kubatizwa, kwenye hekalu la Wahindu?"

"Dada, tunakwenda kutembea. Hatuendi kuhamia."

"Haya. Lakini nitumie picha, nimwone kwa macho yangu anaendeleaje."

Jumamosi wakaenda: Mbazi, Namkunda, na binti yao mdogo Elinipa. Mbazi alishusha kamera ya mkewe kutoka juu ya kabati, akaifuta vumbi, akamvika begani. Zamani Namkunda alipenda sana kupiga picha. Zamani, kabla shule haijamla.

Getini wakavua viatu. "Huku nje piga unachotaka," Mama Bhavna akamwambia, "ndani tu ndiyo haturuhusu." Picha ya kwanza aliyopiga ilikuwa ya viatu vyenyewe, vimejipanga ovyo, vya matajiri na vya wapagazi, huwezi kujua kipi cha nani. Akapiga picha ya kengele. Akapiga maua ya unga wa rangi yaliyochorwa sakafuni. Akapiga nyayo za Elinipa kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa. Hakuna aliyemwambia aharakishe.

Penye ngazi Elinipa akasimama mbele ya sanamu. "Mama, huyu tembo mbona ana mwili wa mtu?"

"Huyo ndiye anayeondoa vikwazo njiani, mwanangu," Mama Bhavna akamjibu.

Namkunda akasema, "Muulize kama anamfahamu Mkuu wa Shule."

Mbazi akacheka mpaka akajishika ukuta. Alikuwa hajasikia mkewe akitania tangu muhula uanze.

Mama Bhavna akamvisha Namkunda shada la maua ya njano, kama wanavyomvisha mgeni wanayemheshimu. Namkunda akakaa kibarazani, gauni lake jeupe, karibu na vitaa vidogo vya mafuta. Akaegemea ukuta. Akafumba macho. Akalala usingizi wa mtoto mchanga, bila kidonge.

Mbazi aliitoa kamera mapajani mwa mkewe polepole, akapiga picha moja. Akaihamishia kwenye simu, akamtumia dada yake: "Tazama, amelala." Kisha akazima simu, kwa kuwa kibao ukutani kilisema hivyo, akakaa na mtoto kumlinda mkewe asiamshwe.

Kule mbali, Itikija alipoiona picha akalia kwa furaha. Akaituma kwenye grupu la ukoo na maneno haya: "Ndugu zangu, wifi yangu Namkunda amepumzika. Tumshukuru Mungu kwa yote." Akaacha simu kwenye chaji, akaenda shambani.

Sasa itazame hiyo picha kwa macho ya mtu mwenye haraka. Gauni jeupe. Maua shingoni. Taa pembeni. Macho yamefumbwa. Na juu yake: amepumzika.

Ukoo ukapiga yowe. Picha ikaruka kwenye grupu la kwaya, ikatoka kwenye kwaya ikaingia kwa wazazi wa shule, kwa wazazi ikafika kwa walimu. "Pumzika kwa amani, Madam." "Dah, juzi tu nilikuwa naye." Kila mtu aliyeisoma alielewa jambo moja tu. Hakuna aliyejiuliza kama labda mwanamke huyu, jamani, amepumzika tu.

Na kwa nini wajiulize? Neno la kupumzika tumeshalihamishia makaburini. Aliye hai akipumzika, sisi tuna jina lingine la kumwita: mvivu.

Namkunda aliamka alasiri. Uso wake ulikuwa umerudi. Hawakukumbuka simu. Wakatembea kwa miguu hadi nyumbani, mtoto katikati, na shada bado shingoni kwa sababu Elinipa alikataa lisivuliwe.

Kwenye kona ya mtaa wao wakasikia kwaya.

"Nani amefiwa?" Namkunda akauliza.

Turubai lilikuwa limefungwa kwenye ukuta wa nyumba yao. Viti vya plastiki vimejaa. Majirani wanawake wanakata vitunguu. Na mbele kabisa, katika suti nyeusi, amesimama Bwana Mchome akihutubia, walimu wake wamekaa nyuma yake. Watu wote walikuwa wamewapa mgongo hawa watatu waliosimama njiani.

"Tumepoteza nguzo," Mkuu alikuwa akisema, leso mkononi. "Huyu mama hakuwahi kusema hapana. Hakuwahi! Sisi kama shule tumeguswa. Kwa hiyo nimeamua masomo yasimame wiki nzima, tupumzike na kutafakari. Na wazazi msiwe na hofu. Vipindi vyake vyote nimeshavigawa mchana huu, vina wenyewe. Hakuna pengo."

Mbazi akafungua mdomo. Namkunda akamshika mkono.

Vina wenyewe. Mchana huu. Watu ambao jana walikuwa hawapo duniani, leo wamepatikana kabla vitunguu havijaiva.

"Endelea, Mkuu," Namkunda akasema kwa sauti yake ya darasani. "Ulikuwa umefika kwenye wiki nzima."

Vichwa vikageuka. Soprano akapiga ukelele ambao haukuwa kwenye wimbo. Kiti kikavunjika. Mama mmoja akaangusha ungo wa vitunguu, akakimbilia nyuma ya nyumba akilitaja jina la Yesu.

"Madam?" Mkuu akanong'ona. "Uko... uko hai?"

"Samahani kwa usumbufu."

Watu wakaanza kumshika mikono, kumgusa mashavu, kulia na kucheka. Mbazi akawasha simu, akasoma, akaeleza. Hapo ndipo Mkuu alipojipangusa jasho, akakunja leso, akaitia mfukoni. Na sikiliza mtu huyu alivyosema, mbele ya turubai, mbele ya mtoto:

"Basi tumshukuru Mungu! Kama ni hivyo, hakuna haja ya kufunga shule. Madam, tutaonana Jumatatu."

 

Namkunda akamtazama. Mwezi uliopita angesema, "Sawa, Mkuu."

"Hapana," akasema. "Vipindi vyangu vina wenyewe. Umetangaza mwenyewe. Marehemu hafundishi."

"Madam, ule ulikuwa mpango wa msiba."

"Basi uendelee na msiba."

Mkuu akageuka kuwatazama walimu wake, akitafuta wa kumuunga mkono. Akasimama Mwalimu Kirita wa jiografia.

"Mkuu, mimi nimepewa Kidato cha Pili, nikakubali," akasema. "Nilikubali kwa ajili ya maiti. Nitakataaje kwa ajili ya mtu? Naendelea navyo mpaka mwezi uishe." Walimu wengine wawili nao wakasimama.

Unadhani Namkunda aliwakumbatia? Hakuwakumbatia.

"Asante, Kirita," akasema. "Lakini jana ulikuwa wapi? Ulikuwa umekaa hatua chache kutoka mlangoni, unapuliza chai. Kidato cha Pili ni kile kile. Vipindi ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba leo uliambiwa nimekufa."

Kirita akainamisha kichwa.

Mkuu wa Shule aliona nyuso za wazazi pale chini ya turubai, watu wanaomlipa ada, wakimtazama kama kitu kilichookotwa. "Mwezi mmoja," akasema. "Umepewa, Madam." Akaondoka bila kula.

"Sasa jamani," akauliza mama mmoja aliyesimamia sufuria kule nyuma, "huu wali tuendelee nao au tuache?"

"Endeleeni," Namkunda akasema. "Nina njaa. Nikishakula nakwenda kulala, na mtu asiandike kitu."

Funzo: Ukiweza kuzipata nafasi za kumpumzisha mtu mchana ule ule unapoambiwa amekufa, basi zilikuwepo siku zote; hukukosa nafasi, ulimnyima.