Koti la Kufungwa Nyuma

Mtu mmoja wa nyanda za juu, jina lake Oresto, alikuwa na pikipiki, koti la mtumba na mke. Navitaja kwa mfuatano ambao yeye mwenyewe angevitaja.

Kwao baridi si ya mchezo. Ikifika Juni sakitu huanguka, yaani umande ulioganda, na majani hulala meupe mpaka jua lipande. Dereva wa bodaboda akitoka alfajiri, upepo humpiga kifuani, hupenya kwenye matundu ya vifungo na kumshika mbavu. Kifua kikishapoa, vidole navyo hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki. Kuna watu waliokwenda mtaroni asubuhi peupe, hawajanywa hata tone, kwa sababu tu mkono ulikataa kufumba. Ndiyo maana madereva wa kule huvaa koti kinyume. Mgongo wa koti hukaa kifuani, upepo ukija unakuta ukuta, na vifungo hubaki nyuma.

Sasa vifungo vya nyuma vina tabu yake: mtu hawezi kujifunga mwenyewe. Makapera hufungana kijiweni huku wakitaniana. Mwenye mke akifika pale mgongo wazi, wenzake humcheka mpaka machozi yawatoke, maana wanajua kwamba nyumbani kumenuna.

Oresto hakuwahi kufika mgongo wazi. Mke wake, Enesia, aliamka kabla yake, akapasha glovu kando ya jiko, akamwekea kipande cha boksi kifuani, kisha akamfunga vifungo kuanzia ukosini mpaka kiunoni. Alikuwa na vidole vyepesi hata gizani. Akimaliza, humpiga kofi dogo mgongoni, kama wafanyavyo wafungaji wote wa kule. Hilo kofi maana yake lilikuwa: tayari, nenda. Hawakuwahi kulizungumzia. Oresto alikuwa akilisikia tu, anawasha pikipiki, anaondoka, na joto la kile kiganja anakwenda nalo mpaka barabarani.

Abiria walimpenda. Mikono yake haikutetemeka kwenye kona, na palipo na sakitu alikwenda taratibu. Kila alipofika kwenye kona yenye miti ya misindano alisimama na wenzake kuota injini: wanachuchumaa, wanaweka viganja karibu na chuma cha moto, wanapeana habari, vidole vikiamka wanaendelea. Abiria naye alishuka akaota. Hakuna aliyeona kuwa ni kupoteza muda.

Mambo yakamnyookea. Akapata pikipiki ya pili, akaikabidhi kwa dereva mwingine. Kisha akajinunulia jaketi la ngozi lenye manyoya ndani na zipu ya mbele, glovu nene, na kofia ngumu yenye kioo. Asubuhi ya kwanza alisimama katikati ya nyumba, akaivuta zipu mpaka kidevuni, zuuu, akacheka peke yake. Akamwambia mkewe, "Mama Atu, lala tu. Siku hizi najifunga mwenyewe."

Alidhani amempumzisha. Enesia aliendelea kuamka saa ileile, akasimama karibu na mlango, mikono haina kazi. Ungemwuliza Oresto siku zile, angekuambia mke wake alifurahi. Na lile koti la zamani akalifanya la kufunikia injini usiku, ili asubuhi pikipiki isisumbue kuwaka. Chuma kikapata koti. Na kwa kuwa sasa baridi haikumfikia, hakuona tena sababu ya kusimama kwenye kona ya misindano. Alipita akipiga honi, na wale waliochuchumaa wakainua viganja kumsalimu.

Mwaka wa pili wa lile jaketi, Enesia akashikwa na kichomi. Akawa anapumua kwa vipande, kila pumzi anaishika ubavuni. Ikawa lazima afikishwe hospitali ya misheni, ng'ambo ya uwanda ule ambako, ukiacha misindano ya ile kona, hakuna mti wa kukinga upepo. Walitoka alfajiri. Jirani yao Edina alikuja na taa mkononi, akasema, "Shemeji, subirini basi jua litoke kidogo. Huyu mtu anaumwa kifua." Oresto akamjibu kwamba mgonjwa hasubirishwi, na hapo hakusema uongo. Alifikiri pia kumpa mke jaketi lake. Akakumbuka kwamba dereva akiganda wanaanguka wote wawili. Hilo nalo ni kweli, kila dereva atakuapia. Mtu anaweza kuokota maneno ya kweli njia nzima na bado akafika mahali pabaya.

Akalitoa lile koti juu ya injini, likiwa limelowa upande mmoja na kunuka oili, akalitupa kwenye ua. Enesia akalitazama. Akasema, "Baba Atu, nivalishe hilo, unifunge."

Kulikuwa na upande mkavu. Lingegeuzwa, lingefungwa, lingefaa. Lakini Oresto aliona mbele yake geti la hospitali, na watu wamesimama, na mke wa mwenye pikipiki mbili anashuka na koti la kinyume, la masikini, lenye madoa ya oili. Akasema, "Tutachekwa, mama. Jifunike vitenge, mimi mbele nitakukinga." Enesia hakurudia. Akajifunika vitenge juu ya sweta, akapanda, akamzungushia mikono kiunoni.

Na kweli alimkinga mbele. Nyuma hakukuwa na mtu.

Uwanda ulikuwa mweupe. Ndani ya jaketi Oresto alikuwa na joto zuri, ndani ya kofia alijisikia mwenyewe akipumua, na akaendesha kwa nguvu, kwa sababu alimpenda mkewe na alitaka kumfikisha. Ndugu zangu, alimpenda. Nisingewasumbua na habari hii kama asingempenda.

Walipokaribia kona ya misindano, madereva walikuwa wamechuchumaa kama kawaida yao, injini zinatoa mvuke. Enesia aliwaona. Akamwita mumewe, lakini sauti ya mwenye kichomi haiwezi kupenya kofia ngumu. Basi akatoa mkono mmoja, akampiga kofi mgongoni.

Oresto alilisikia kwa mbali kupitia ngozi na manyoya. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Ilikuwa imepita karibu miaka miwili hajalisikia. Akasema moyoni, huyu mwanamke ni jasiri, mgonjwa hivi na bado ananiambia nenda. Akawapigia honi wale wa kwenye kona, akafungulia mafuta. Akapigwa tena, kwa unyonge zaidi, akaongeza tena. Kisha mikono ikamzunguka kiunoni ikatulia, na njia yote iliyobaki hakupigwa.

Getini hakukuwa na mtu wa kumcheka yeyote, ila mlinzi tu, naye alikuwa amejifunika blanketi. Oresto akazima pikipiki akasema, "Tumefika, shuka." Mikono haikuachia. Vidole vilikuwa vimeshikana juu ya zipu yake vikakauka hapo, na ikabidi muuguzi aje avifungue kimoja kimoja, kama mtu anayefungua vifungo. Oresto alikaa akitazama chini kwenye zipu yake mpaka kidole cha mwisho kilipofunguka.

Walimlaza, wakamfunika, wakafanya waliyoweza. Jioni alipata nguvu kidogo, akamtazama mumewe, akasema neno moja ambalo Oresto analibeba mpaka leo: "Nilikupiga mgongoni usimame."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa heri angesema kwa hasira. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alifariki.

Walimzika. Mtoto wao, Atu, akachukuliwa na bibi yake. Jaketi la ngozi Oresto alilitundika, halivai. Alichukua koti lile kuukuu, akalifua, akalivaa kinyume, akaenda kijiweni mgongo wazi. Safari hii hakuna aliyecheka. Dereva mmoja akaja nyuma yake, akamfunga vifungo kuanzia ukosini mpaka kiunoni, na alipomaliza akampiga kofi dogo mgongoni, kama wafanyavyo wote.

Oresto, ambaye pikipiki yake ilikuwa tayari inaunguruma, akaizima.

Nanyi mnaonisikiliza mkiwa mmejifunga vizuri, yuko mtu nyuma yenu anawapiga mgongoni. Nani kawaambia kwamba anasema nenda?