Kwa Nini Fito Hubambuliwa Magome

Hapo kale, fito za kujengea zilikatwa asubuhi na kufungwa ukutani jioni, zikiwa mbichi na magome yake. Hakuna aliyeona kosa. Sungura naye hakujua banda. Alilala ndani na watu, akapita chini ya vitanda kama mwenye nyumba.

Mbodze, mke wa Chengo, alikuwa na sungura dume aliyemlea kwa maziwa ya mbuzi tangu mbwa alipomuua mama yake. Hakuwa amejaliwa mtoto, na alimpenda mnyama yule bila kuona haya. Shida ilikuwa meno. Sungura alibandua udongo wa ukuta akazila fito, hata majirani wakawa wanamwona Mbodze akisonga ugali bila kupiga hodi.

Mbodze alimkanya, hakusikia. Akapaka ukuta pilipili. Sungura akapiga chafya, akahamia upande wa pili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maskini Mbodze, aliziba kila uchao kwa fito mpya za mkole, na ukuta ukazidi kuliwa.

Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, Chengo akachoka.

“Mke wangu,” alisema, “nyumba hii ikituangukia, huyo sungura ndiye atakayetufukua? Kesho namchinja.”

Mumewe alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Mbodze.

Alikwenda kichakani akakata fito kwa mara ya mwisho, akautua mzigo mlangoni, kisha akatoka kukanyaga udongo. Aliporudi, ndani kulikuwa kimya. Alidhani Chengo hakungoja kesho. Kumbe sungura alikuwa amekaa juu ya mzigo, anamenya magome ya mkole, macho kayafumba nusu kwa utamu.

Mbodze akautazama ukuta upya. Fito kavu za tangu enzi za baba mkwe hazikuwa na hata alama ya jino. Kila palipoliwa palikuwa pale alipoziba yeye. Siku zote hizo alikuwa akimwandalia chakula kwa mikono yake! Alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka.

Akamwachia sungura nusu ya mzigo. Kutoka nusu nyingine akabambua magome fito za kutosha matundu, akazianika juani, kisha akaziba.

Asubuhi Chengo alikuja na kisu. Akaukagua ukuta, akaupapasa, ulikuwa mzima. Alimtazama sungura, aliyekuwa bado anahangaika na magome ya mzigo wake, kisha akamtazama mkewe.

“Nipe fito zilizobaki,” alisema. Akachutama, akaanza kuzibambua kwa kisu kile kile.

Na tangu siku hiyo, fito hubambuliwa magome na kuanikwa kabla ya kufungwa ukutani. Na kila anayefuga sungura humtupia matawi mabichi kila siku, maana meno yale hayakuumbwa kukaa bure.