Diski ya Harusi ya Nakundwa

Aliyeona uso wake hajaona picha. Ndivyo alivyoambiwa mwenzenu leo asubuhi, aliposema kwamba picha ya darasa imetoka vizuri sana, ilhali hakuwa ametazama ila pale aliposimama yeye. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Basi ketini sawasawa, na hizo simu ziwekeni chini. Methali nyingi hazina tena mtu anayezijua zilikozaliwa. Hii ni changa, na waliohusika nawajua kwa majina yao. Chimbuko lake ni hili.

Huko Ndungu, chini ya milima ya Upare, palikuwa na mjane aliyeitwa Bi Naghenjwa. Marehemu mumewe, Mzee Mrutu, alikuwa mtu mwadilifu, mchapakazi, na mkavu wa maneno. Kumsifu mtu mbele yake aliona ni kumharibu. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumshukuru mkewe kwa chakula wala kwa malezi. Sahani ikirudi jikoni tupu, hiyo ndiyo ilikuwa shukrani. Mara moja tu alifungua kinywa, nayo ilikuwa siku ya harusi ya binti yao Nakundwa. Wakati wa kuwaaga maharusi alisimama mbele ya wageni, akamtaja mama wa bibi harusi, akaeleza alivyokuwa kwake tangu siku alipomwoa.

Bi Naghenjwa mwenyewe hakuwapo. Alikuwa nyuma ya nyumba, funguo za stoo zimefungwa kwenye pindo la kanga yake, akisimamia masufuria ili wageni wa mwisho wasikose wali. Maana chakula kikipungua, watu hawamsemi baba mwenye harusi, humsema mama. Hakuna aliyemfikishia maneno yale. Mumewe naye hakuyarudia. Bi Naghenjwa aliyakuta baadaye, mpiga picha alipoleta diski ya DVD, akaitazama peke yake mchana mmoja kutoka kanisani hadi magari yalipoondoka.

Mzee Mrutu alipofariki, mjane huyo akawa anaiweka diski ile mara kwa mara. Wanawe walidhani mama anaitazama harusi. Hakuwaambia kwamba anamsikiliza baba yao.

Lakini kitu kinachopendwa na ndugu wengi hakidumu. Diski iliazimwa na mashangazi, ikapandishwa Mamba kule milimani, ikateremshwa, ikashikwa na vidole vyenye mafuta, ikarudi imechubuka hasa kwenye ukingo. Nanyi jueni kwamba diski husomwa kuanzia katikati kwenda nje. Ukingo ndio unaobeba mwisho wa habari. Ikafika siku deki ikaanza kukwama karibu na hotuba. Ndipo Bi Naghenjwa alipomwita mwanawe wa kwanza, Elinami.

"Mwanangu, hii diski inaanza kunikatalia. Ninyi mna kompyuta nyumbani kwenu. Ihamisheni picha humo kabla haijafa."

"Itahama, mama. Nipe siku chache tu."

Elinami alikuwa karani wa ghala la mpunga, mtu mwangalifu, asiyeruhusu gunia lipite kabla hajaliona likipimwa. Tangu baba yake azikwe alitaka ndugu zake waone kwamba nyumba ile bado ina mtu wa kutegemewa. Kwa hiyo hakulichukulia jambo hilo kimchezo. Alikwenda Same kwa fundi wa kompyuta, akarudi na programu mbili za kunakili DVD, akaziweka zote mbili kwenye kompyuta yake ili achague iliyo bora.

Siku ya kuchagua walikuwapo nyumbani kwake watu wawili wengine. Mmoja ni Nakundwa mwenyewe, aliyekuwa likizo kutoka Dodoma. Wa pili ni mjomba wao Kazeni, mdogo wake Bi Naghenjwa, mkulima wa mpunga na mtu wa mizaha.

Programu ya kwanza ilinakili diski nzima kama ilivyo, bila kupunguza chochote. Ilikwenda taratibu, na ilipokaribia mwisho ikasimama, ikaandika kwenye kioo kwamba sehemu hiyo haisomeki, diski isafishwe kisha ijaribiwe tena. Elinami aliitoa diski, akaipangusa, akairudisha. Programu ikasogea kidogo, ikasimama tena, ikaandika maneno yale yale.

"Hii ni programu au ni mkwe?" Kazeni aliuliza. "Kila tukipiga hatua inanuna mpaka ibembelezwe."

"Inasema kuna mahali haioni vizuri, mjomba."

"Na mimi sioni vizuri, lakini nafika nyumbani."

Nakundwa alicheka, akavuta kiti karibu. "Kaka, hiyo nyingine je? Mimi nataka picha iingie kwenye simu. Nikirudi kazini wenzangu waone kwamba na sisi tuliolewa kwa heshima."

"Hiyo nyingine inaibana picha iwe ndogo, kwa hiyo kwenye simu itaingia," Elinami alieleza. "Ila ina jambo moja. Ikikuta mahali pasiposomeka haisimami. Inaruka na kuendelea."

"Si ndiyo vizuri? Itaruka nini, kaka? Vumbi?"

"Mpwa wangu," Kazeni aliongeza, "baba yako asingekaa kutwa akibishana na mashine."

Elinami alijua kwamba baba yake angekaa. Lakini watu wawili walikuwa wanamngoja, chai ilikuwa inapoa, na programu ile iliyonuna ilikuwa imemwaibisha mbele yao kama mtumishi anayemjibu bwana wake. Akaifunga. Akaifungua ya pili. Hiyo haikuuliza lolote. Ilikwenda kama maji mferejini, na kabla mazungumzo hayajageuka ikaandika kwamba kazi imekamilika.

Elinami hakuwa mzembe. Alisema lazima waikague nakala. Siku ya pili yake akamleta mama yake nyumbani, wakakusanyika mbele ya kompyuta.

"Nipeleke pale ninapoingia na ndafu," alisema Kazeni.

Elinami akaisogeza picha mbele hadi kwenye ndafu. Kazeni alionekana amembeba yule mbuzi mzima wa kuchoma, jasho linamtiririka, anacheza kwa madaha.

"Mtazame huyo mwanamume," alisema. "Imetoka safi kabisa. Hii nakala ni nzuri."

"Sasa nipeleke kwenye keki," alisema Nakundwa. Akapelekwa kwenye keki. Akalitazama gauni lake, akamtazama mumewe aliyekuwa bado mwembamba, akatosheka. Naye Elinami akaisogeza mpaka pale alipokuwa akiwapokea wakwe mlangoni, amevaa suti ya kijivu, amesimama kama baba yake. Alijitazama kwa muda, kisha akasimamisha picha.

Bi Naghenjwa alikuwa ameketi karibu na mlango na ungo wa mchele magotini, akichambua mawe. Hakuomba kupelekwa popote, kwa sababu hakuna mahali katika picha ile alipoonekana. Aliuliza swali moja tu.

"Imefika mwisho?"

"Imefika, mama," Elinami alijibu. "Imeandika yenyewe kwamba imekamilika. Na sote tumeiona."

Mama aliwaamini. Mtu akilea watoto hadi wakawa na akili zao, huwaamini.

Wakati ule mpunga ulikuwa unaiva na ndege walikuwa wameshuka mashambani kwa makundi. Mnajua wakulima wanavyofanya: hutunga diski zilizochakaa kwenye kamba juu ya majaruba, zikipigwa na upepo humetameta na kuwatisha ndege. Kazeni alipopita kukusanya diski mbovu kwa majirani, alimwuliza dada yake kama naye anayo. Bi Naghenjwa alifungua kabati, akamkabidhi ile ya harusi. Picha ilikuwa imekwisha kuhama. Nyumba tupu ya nini?

Siku zikapita. Alasiri moja Bi Naghenjwa alikwenda kwa Elinami, akaomba afunguliwe harusi tangu mwanzo, kisha aachwe. Elinami akamfungulia, akarudi ghalani. Aliporejea jioni alimkuta mama yake bado ameketi mbele ya kompyuta, mikono imelala magotini, na kioo kimekuwa cheusi.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza. Baba yako amesimama. Amepewa kipaza sauti, akakohoa. Kisha magari yakaondoka."

Elinami hakuelewa. Akaketi, akaitafuta sehemu ile. Ilikuwa kama alivyosema. Mzee Mrutu alisimama, akashika kipaza sauti, akakohoa kama ilivyokuwa desturi yake; na papo hapo, bila doa wala mkwaruzo, magari yenye maua yakawa yanatoka uani. Mtu asiyejua asingedhani kwamba kuna neno lililokatwa.

Nakundwa na Kazeni waliitwa. Elinami alijaribu kujitetea, kwa kuwa alikuwa amechomwa.

"Lakini mama, tuliikagua. Kila mmoja aliitazama picha akaridhika."

"Kila mmoja alijitazama," alisema Bi Naghenjwa. "Kazeni alimtazama Kazeni, Nakundwa alimtazama Nakundwa, nawe ulijitazama. Mimi simo humo, kwa hiyo nimetazama yote. Aliyeona uso wake hajaona picha."

Kazeni, ambaye hakukosa neno hata msibani, aliinuka akavaa viatu.

"Hotuba yenyewe ilikuwa na nini, dada?"

"Nenda kalete diski," alisema dada yake.

Kesho yake asubuhi walishuka mashambani wote watatu, Kazeni akiwa mbele. Walipita jaruba kwa jaruba wakigeuza diski moja moja kwenye kamba kusoma maandishi. Waliipata ile ya harusi karibu na mfereji, imefifia kwa jua, inagongagonga mti wa kamba kwa upepo. Elinami aliikata mwenyewe. Nyumbani aliiosha kwa maji na sabuni, akaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kisha akaifungua ile programu waliyoikataa.

Ilisimama kama ilivyosimama mwanzo. Safari hii hakuna aliyeitania. Ilipoandika kwamba haioni, waliitoa diski wakaipangusa, wakairudisha. Iliposogea hatua moja, walingoja. Ilirudia mahali pale pale mara nyingi, inahangaika kama mzee anayesoma barua bila miwani, na kila ilichoshindwa ilikitaja waziwazi. Kutwa nzima watatu wale walikaa wakibishana na mashine.

Alasiri ikatamka neno lake la mwisho: imechukua kilichosomeka, na sehemu moja karibu na ukingo haikusomeka. Wakamwita mama. Elinami akafungua nakala hiyo, na mara hii hakuisogeza.

Mzee Mrutu alisimama, akashika kipaza sauti, akakohoa. Picha ikavunjika vipandevipande, lakini sauti ikaja. Aliwashukuru wageni. Alimshukuru Kazeni kwa ndafu. Alimwambia mkwewe kwamba amepewa mke, hakupewa mtumishi. Kisha akasema, "Na mama wa binti huyu hamumwoni hapa. Tangu siku nilipomchukua kwao, huyu mama..."

Hapo ikakatika. Kioo kikawa cheusi, yakaja magari.

Elinami alirudia, ikakatika pale pale. Akamgeukia mjomba wake. "Wewe ulikaa kiti cha pili kutoka kwake. Alimalizia nini?"

Kazeni alikuna kidevu. "Nakumbuka aliponitaja mimi. Baada ya hapo watu walinipigia makofi, nikawa nawapungia mkono."

"Nakundwa?"

"Nilikuwa nalia, kaka. Nilikuwa naogopa wanja utanichafua uso kwenye picha."

Elinami hakuulizwa, lakini alijua jibu lake. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake kabisa, hatua mbili, akiwaza jinsi suti inavyomkaa.

Wote watatu wakamtazama Bi Naghenjwa. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kompyuta, kama vile sauti ile bado inaendelea.

"Mama," Elinami alisema kwa upole, "wewe uliyasikia yote kwenye diski. Baba alisemaje juu yako?"

Bi Naghenjwa aliinuka, akafunga kanga yake kiunoni.

"Mliokuwapo pale ni ninyi," alisema. "Mimi nilikuwa jikoni."

Akatoka kwenda kuwasha moto.

Elinami aliifuta ile nakala laini isiyo na doa. Akaibakiza iliyovunjika, kwa sababu hiyo angalau inaonyesha mahali palipopotea kitu. Na katika ukoo ule hakuna tena anayesema kwamba ameona, mpaka atazame na sehemu asiyokuwamo.

Sasa mmejua. Aliyeona uso wake hajaona picha.