Uso Nyuma ya Moyo Mwekundu

Kaeni. Mwenye karanga amalize kutafuna sasa, maana nikianza sitaki kusikia kelele. Nina hasira. Nimetoka nayo Tanga, nyumbani kwa Hadia, nilikokwenda kumkanda baada ya kujifungua, na mpaka leo haijaniisha. Nakuja kuwatwisha ninyi, kwa sababu mimi imenishinda.

Wapo watu watatu. Wa kwanza ni Mhina, shemeji yake Hadia, fundi wa redio na televisheni pale Ngamiani. Mkono wake ukigusa mashine unajua inaumwa wapi. Wa pili ni Zamda, wifi yake Hadia, dada yake Mhina tumbo moja, mwenye kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi. Yeye ana subira. Kompyuta inaweza kugoma kutwa nzima, naye ataiangalia tu huku anasokota ncha ya kanga. Wa tatu ni Bi Mwanjaa, jirani, ambaye enzi zake ndiye aliyekuwa mwanamke pekee mtaani anayejua kushika kamera ya video. Kipaji chake ni kumbukumbu. Hata ukimuuliza nani alivaa nini kwenye harusi ya miaka ishirini na mitano iliyopita, atakutajia mpaka viatu.

Hadia alifiwa na mama yake, Bi Sikudhani, akiwa na miaka mitatu. Hakumbuki uso wake wala sauti yake. Picha hakuna, kwa sababu marehemu alikuwa hataki kabisa kupigwa picha. Kilichobaki ni kaseti moja ya video ya harusi ya shangazi yake Hadia, iliyoharibika kabla Hadia hajawahi kuitazama, na si harusi yote, ni ile siku ya wanawake. Mnajua kwetu ilivyo. Wanawake wako peke yao, vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza wapendavyo. Anayerekodi lazima awe mwanamke, na mwanamume hatakiwi kuitazama kaseti hiyo hata kwa bahati mbaya.

Basi Hadia kajifungua mtoto wa kike. Siku ya pili, mtoto kifuani, akasema mbele yetu sote, "Atakayenionyesha uso wa mama yangu, nikaisikia na sauti yake kabla ya siku ya saba, ndiye atakayempa mwanangu jina. Naapa."

Nilimfinya mguu anyamaze. Hakusikia. Mumewe naye, badala ya kumzuia, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kuongezewa chai.

Akaanza Mhina. Alileta deki kuukuu na televisheni, akaichomeka kaseti, na kwenye kioo pakaja chenga tupu. Sasa mwanamume huyu atatengeneza vipi picha asiyoruhusiwa kuiona? Alifunika televisheni kwa kanga, akakaa nyuma yake, na mimi, mtu mzima na miguu yangu mibovu, nikaingiza kichwa chini ya kanga.

"Vipi, bibi?"

"Chenga."

Akafungua deki, akasafisha kile kichwa kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti. "Sasa?"

"Naona watu, lakini wanapanda juu, wanatokea tena chini."

Akabadilisha waya, akazungusha kitu kwa bisibisi. "Je, sasa?"

"Wametulia. Ila wana rangi ya mlenda."

Akaitoa kaseti, akaifungua, akakuta utepe umeota ukungu. Siku mbili nzima aliupangusa kwa kitambaa laini, kidogo kidogo, mgongo umepinda. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba siku ya pili ya kazi hiyo deki iliutafuna utepe, naye kwa hasira akauvuta, ukakatika. Aliuunga, lakini bibi harusi kuingia ukumbini hatutamwona tena mpaka kiyama. Nilipomsema alijibu, "Bibi, wewe ungeweza?" Siwezi, na hilo linaniudhi zaidi.

Picha ikahamishiwa kwenye kompyuta, akaingia Zamda. Bado ilikuwa na mistari kama meno ya chanuo kila mtu anapocheza, na rangi ni ileile ya mlenda. Zamda akatafuta programu ya kuhariri video. Ya kwanza ilikuwa ya kujaribu bure, ikaandika jina la programu kwa herufi kubwa katikati ya picha, juu ya nyuso za watu. Ya pili ilitanua picha ijaze kioo, wanawake wote wakawa wanene kama magunia, na kila dakika inamuuliza kama angependa kuongeza nyota. Nyota za nini? Ya tatu iliondoa mistari vizuri, lakini sauti ikachelewa. Mtu ameshafunga mdomo ndipo kigelegele chake kinafika.

"Si uchague moja tu!" nilimfokea. "Siku zinakwisha."

"Nikichagua vibaya, bibi, Hadia atamwona mama yake anaongea kwa sauti ya mtu mwingine," akasema, macho hayabanduki kwenye kioo.

Siku ya nne akapata programu ndogo isiyo na mapambo, sura yake kama daftari la shule. Lakini iliondoa mistari, ikarudisha watu kwenye unene wao, ikasafisha rangi, na Zamda akaisogeza sauti kidogo kidogo mpaka ikakaa mdomoni. Usiku kucha ulikuwa umepotea kwa zile za kwanza. Angeniuliza mimi, ningemwambia tangu mwanzo akimbie chochote chenye nyota.

Siku ya tano tukakusanyika chumbani kwa Hadia, wanawake peke yetu. Mhina alibaki barazani. Picha ikaja safi kabisa. Wanawake zaidi ya thelathini, wanacheza, wanacheka.

"Mama yupi?" Hadia akauliza.

Jirani mmoja akanyoosha kidole. "Yule pale, mwenye gauni la kijani."

Shingo tuliiona, na mikono, na gauni. Usoni palikuwa na moyo. Moyo mwekundu, mkubwa kama sinia, unaelea, na ndani yake bibi harusi anatabasamu. Mnazijua video zetu za harusi, na mioyo yake na maua yake yanayodondoka bila sababu. Nilidhani moyo ule utapita. Haukupita. Kila mara mwenye gauni la kijani alipoingia kwenye picha, moyo uliingia naye, ukamkaa usoni. Zamda alijaribu kila alichojua. Akasema umo ndani ya picha yenyewe, ukiutoa kinabaki kidoa cheusi.

Hadia akatugeukia. "Nani? Nani aliyeweka huu uchafu kwenye uso wa mama yangu?"

Bi Mwanjaa alikuwa mlangoni na bakuli la uji wa mzazi. Akaliweka chini.

"Mimi," akasema. "Ndiye niliyerekodi, na ndiye niliyeweka moyo. Mama yako alinikataza nisimwonyeshe. Alisema kaseti za wanawake huishia mikononi mwa wanaume. Tuligombana mbele ya watu. Nikaenda kwa fundi wa kuhariri, mwanamke mwenzetu wa mtaa wa mbali, nikamwambia amfunike uso. Hakunisemesha tena, na baada ya miezi minne akafa. Lakini ile kaseti niliyorekodia, isiyo na moyo, ninayo sandukuni."

"Miaka yote hii?" Hadia akapiga kelele. "Unaniletea uji, unanibebea maji, na mama yangu yuko sandukuni kwako?"

"Niliahidi sitamwonyesha, mwanangu."

Mimi nilitaka kumrushia lile bakuli, Mungu anisamehe. Lakini alikwenda, akaileta. Nayo ilikuwa na ukungu. Mhina akaipangusa usiku kucha bila kula, safari hii bila kukata. Zamda akaipitisha kwenye programu yake ndogo. Alasiri ya siku ya sita tukarudi chumbani. Kaseti ilikuwa na urefu wa saa tatu, na Hadia macho yameanza kumvimba.

"Peleka mbele," Bi Mwanjaa akasema. "Mbele zaidi. Wakishagawa halua. Simamisha hapo. Sasa iache, atageuka."

Akageuka.

Uso ulijaa kioo. Umekunja ndita, macho makali, na paji lilelile alilo nalo Hadia. Na sauti ikatoka, mdomo na maneno pamoja, "We Mwanjaa! Nani kakwambia unipige? Toa hilo dude lako usoni kwangu! Ukinionyesha, mimi na wewe basi!" Kisha akatazama chini, na sauti ikabadilika kabisa. "Hadia. Njoo huku mwanangu, njoo kwa mama, tuondoke."

Mkono mdogo ukaonekana, ukashikwa, wakatoka kwenye picha. Imekwisha. Ni muda wa kumeza mate mara mbili au tatu.

Hadia alilia mpaka tukaogopa maziwa yatakauka. Alituambia tuirudishe, tukairudisha mara kumi na moja. Kila ilipofika pale anapoitwa, aliitika, "Bee, mama."

Asubuhi ya siku ya saba mbuzi kachinjwa, mtoto kanyolewa. Shangazi yule aliyekuwa bibi harusi akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Mhina akasema kutoka mlangoni, "Mwantumu, jina la marehemu mama yetu. Bila mkono wangu mngekuwa mnatazama chenga. Na sikuinua kanga hata mara moja."

Zamda akasimama. "Ataitwa Nasra. Mimi sikujaliwa mtoto, nimeachwa kwa sababu hiyo, na hili ndilo jina nililoliweka miaka yote. Wewe ulitoa picha, kaka. Nani aliyeirudisha sauti mdomoni?"

Bi Mwanjaa hakuinuka. Alisema polepole, "Sikudhani, jina la bibi yake."

"Jina hilo huna haki ya kulitaja!" Zamda akamkatiza. "Alikuambia basi! Umemficha miaka yote, na sasa umeivunja hata ahadi yako."

"Ndiyo, nimeivunja," Bi Mwanjaa akasema. "Na bila kuivunja mngeutazama moyo mpaka leo. Nataka kila asubuhi nilitamke jina lake, na mtu aniitikie."

Wote watatu wakaanza kupiga kelele kwa pamoja, siku ya mtoto, mbele ya wageni na pilau linapoa. Nikamtazama Hadia. Alikuwa ameapa, na kiapo hakikusema majina matatu. Alimkumbatia mwanawe, akampapasa kichwa kilichonyolewa. Ndipo mtoto akaamka. Akakunja ndita, akatukazia macho sisi sote, akatoa ukelele kama anatufukuza chumbani. Shangazi akashika mdomo, maana uso ule tuliuona jana yake kwenye kioo.

Niliondoka Tanga siku hiyohiyo, na mtoto bado anaitwa "mtoto."

Haya, mmenisikiliza na karanga zenu zimeisha. Mmoja alisafisha, mmoja akachagua na kurekebisha, mmoja akakumbuka na kufungua alichokifunga mwenyewe. Hadia anangoja jibu, nami nitarudi kumkanda wiki ijayo. Wewe unayejificha nyuma ya mwenzio, anza wewe: nikamwambie nani kati ya watatu hao ampe mtoto yule jina?