Neno la Mlangoni

"Usinitajie subira!" alisema Rumaysa. "Hata kasuku akifundishwa husema subira."

"Sikuianza mimi, Mama Hunayna. Ameiamrisha Mola wako," akajibu mumewe, Dhakwan. Mikono yake ilikuwa bado inang'aa mafuta ya ufuta, kwa kuwa alikiacha kinu cha kukamulia kikizunguka akaja mbio. "Binti wa watu amelala maiti tangu alfajiri hajaoshwa, na jua ndilo hili. Mama yake kafunga mlango. Anasema hamtoi mwanawe mpaka uje wewe."

"Wapo waosha wengine."

"Wamekwenda, akawafukuza. Kakutaja wewe kwa jina, Mama Hunayna."

"Usiniite hivyo!"

"Nikuiteje? Mwanao amezikwa, jina lake halikuzikwa."

Rumaysa akageukia ukuta, akajifunika mtandio. Dhakwan akasimama kidogo, akapangusa mikono yake kwenye kanzu, jambo ambalo siku nyingine angekaripiwa kwalo. Safari hii hakukaripiwa, na hilo likamtia huzuni kuliko maneno yote.

Walitusimulia haya waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bonde kavu nchini Yemen, zama za wacha Mungu wa kale, Rumaysa huyu alikuwa mwosha maiti wa wanawake na watoto. Mikono yake ilikuwa miepesi na ulimi wake ulikuwa na sitara. Aliloliona kwenye ubao wa kuoshea halikutoka nje.

Na watu wa mji ule walikuwa na desturi yao. Mwosha akimaliza kazi, hakuondoka kimya. Alisimama kizingitini, akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango, akawaambia wafiwa neno moja la kuwaliwaza. Waliliita neno la mlangoni. Nyumba ambayo mwosha wake aliondoka bila neno ilihesabiwa imeachwa peke yake na msiba wake.

Neno la Rumaysa lilikuwa moja siku zote. Aliwaambia akina mama, "Mwenyezi Mungu alimpenda kuliko wewe, ndiyo maana akamchukua." Watu walilipenda neno lile. Walilirudia sokoni na visimani, mpaka wakadhani limetoka kitabuni.

Kisha homa ikapita mjini, ikaingia nyumbani kwake, ikamchukua Hunayna, mtoto wake wa pekee, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka. Rumaysa akamwosha kwa mikono yake mwenyewe, kwa maji ya majani ya mkunazi, na mwisho kwa maji ya kafuri. Alipofika pa kumkausha, mikono ikamfa ganzi. Hakuweza kumpangusa hata kidole. Akamvika sanda akiwa majimaji vilevile, maji yakapenya kitambaani, na watu wakambeba. Hakumwambia mtu. Na aliposimama kizingitini mwake, hakukuwa na mwosha mwingine wa kumwambia neno. Akajaribu kujiambia lile neno lake mwenyewe. Likamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu siku ile hakushika kata wala mtungi. Aliswali, lakini baada ya salamu hakuinua mikono kuomba. Na kila jua lilipopinda, mlango wake ulibishwa chini kabisa, mahali anapobisha mtu mfupi. Akifungua, haoni mtu. Huona kizingiti kimelowa, na juu yake nyayo mbili ndogo za maji, zikinukia mkunazi na kafuri. Jua la Yemen hukausha ngozi ya mbuzi kabla mchunaji hajanawa, lakini nyayo zile hazikukauka mpaka yeye mwenyewe afunge mlango.

Basi siku ile, Dhakwan akiwa bado amesimama pale, mlango ukabishwa.

"Umesikia?" akauliza Rumaysa.

"Nimesikia nini?"

Akainuka, akafungua. Nyayo zilikuwapo. Lakini leo hazikuishia kizingitini. Zilikuwa zimegeuka, zikashuka njiani, moja mbele ya nyingine, juu ya vumbi lililokuwa likiwaka kwa joto. Mbwa aliyelala kivulini aliinuka, akazipisha.

Rumaysa akarudi ndani. Akachukua kata yake, akachukua fungu la majani ya mkunazi lililokuwa limekauka ukutani, kafuri yake na vitambaa viwili, akatoka. Dhakwan alidhani ni maneno yake yaliyomgusa, akamshukuru Mungu.

Nyayo zikamwongoza kupita kwa washona ngozi, kupita kisima, mpaka nyumba ya mwisho, nyumba ya Atika mjane. Zikaingia chini ya mlango uliofungwa. Rumaysa akasita, kwa kuwa nyumba ile aliijua. Alikwisha kuingia humo miaka mingi nyuma kumwosha binti mkubwa wa Atika. Alikumbuka kwamba aliposema neno lake, Atika hakulia wala hakuitikia. Alimtazama tu, kisha akaenda kumkumbatia binti yake mdogo, akamfunika kwa nguo, kana kwamba mvua inanyesha ndani.

Akabisha. Mlango ukafunguliwa.

"Karibu, mwenye neno," akasema Atika. Macho yake yalikuwa makavu. "Umekuja nalo? Au leo umelisahau nyumbani?"

"Nimekuja kumwosha mtoto, dada yangu."

"Haoshwi mpaka nikuulize. Keti."

Chumba kilikuwa na ubaridi usiofanana na mchana ule. Binti alilala mkekani, amefunikwa. Alikuwa amekwisha kuvunja ungo, lakini nguo zilizomfunika zilikuwa matambara ambayo ombaomba angeyakataa.

"Uliniambia Mungu alimpenda yule kuliko mimi, ndiyo maana akamchukua," akasema Atika. "Nikalishika neno lako. Nikasema, kumbe akimpenda mtu humtwaa. Basi huyu nitamficha asimwone. Nikamvika haya. Sikumwita kwa jina lake. Watu wakimsifu, nilisema, 'Huyu? Huyu si kitu.' Alipojifunza kusoma Kurani na sauti ikawa nzuri, nikamwambia, 'Nyamaza, utasikika juu.' Sikumbusu, Rumaysa. Alikuja akaegemeza kichwa hapa kifuani, nikamsukuma. Akakua akiamini kwamba si kitu, na ameondoka akiamini hivyo." Akapumua. "Na bado kaonekana. Haya, nijibu, wewe unayejua mambo ya Mungu. Kwa nini? Na mwizi gani huyo anayeona hata kilichofichwa?"

Rumaysa akasema, "Astaghfirullah," lakini sauti haikutoka vizuri, kwa sababu naye alikuwa amekwisha kulisema neno hilo moyoni mwake, tena kwa ukali zaidi.

Shetani akamjia na njia nyepesi. Angeweza kusema, ni mtihani. Angeweza kusema, ni kafara ya dhambi. Maneno kama hayo alikuwa nayo kapu zima, na mwanamke yule angenyamaza, na maiti angetoka. Lakini akamtazama binti mwenye matambara, akaona kazi ya neno lake.

"Lile neno nililitunga mimi," akasema.

"Unasemaje?"

"Sikulisoma popote. Sikulisikia kwa mwanachuoni yeyote. Niliogopa kimya cha mlangoni, Atika. Mama ananitazama, nami sina kitu mkononi. Nikamzulia Mwenyezi Mungu sababu ambayo hakuniambia."

"Basi sababu ni ipi?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui. Kwa nini wako, kwa nini wangu, kwa nini watoto wadogo wafe na walevi wa sokoni wangali wanacheka, sijui. Nimemkasirikia Mola wangu tangu siku ile. Ila nimeliona jambo moja tu. Kila nikikasirika, ni Yeye ninayemwambia. Sijapata mwingine wa kumwendea. Mwizi hujificha asiulizwe, na huyu namuuliza kutwa kucha, bado hajanifungia mlango."

Atika akageuza macho. Kisha akainua kidole, akaelekeza nyuma ya bega la Rumaysa.

"Na huyo uliyekuja naye, mbona ameloa hivyo?"

Nywele zikamsimama Rumaysa. Akageuka polepole. Hakuona mtu. Aliona sakafu, na nyayo mbili za maji zilizosimama pamoja, vidole vikielekea kwake.

"Yukoje?" akauliza kwa mnong'ono.

"Mdogo. Hana meno ya mbele. Anatetemeka baridi."

Hapo Rumaysa akasema lile ambalo hakumwambia hata mumewe. "Sikumkausha. Nilimvika sanda na maji yake. Mikono ilikataa. Watoto wa watu wote niliwakausha, ila wangu."

 Ukali ukamtoka Atika usoni, akasema, "Kumbe na wewe." Akainuka, akaenda kuteka maji.

Wakamwosha binti pamoja, mama akimimina na Rumaysa akipitisha mkono. Alipofika kichwani, Rumaysa akauliza, "Jina lake nani?"

"Nuwayra," akasema Atika. Lilikuwa jina ambalo hakulitamka mbele ya mtu tangu binti mkubwa alipofariki. Alipolitamka mara moja hakuweza tena kuacha. Akalisema kwa kila kata ya maji, kwa sauti kubwa, mpaka wapita njia wakalisikia. Akambusu paji la uso, na machozi yakamjia.

Ulipofika wakati wa kukausha, Rumaysa akachukua kitambaa. Mikono yake ikaanza kufa ganzi kama siku ile. Atika akaweka mikono yake juu ya ile, wakapangusa pamoja. Wakakausha nywele, masikio, kati ya vidole vya miguu. Rumaysa akachukua kitambaa cha pili, akarudia yote tangu mwanzo, taratibu, midomo yake ikitaja jina jingine.

Alipomaliza, Atika akatazama nyuma ya Rumaysa, akasema, "Ameondoka." Na sakafu ilikuwa kavu.

Wapo waliosema alikuwa malaika katika sura ya mtoto, na wapo waliosema wafiwa huona yasiyoonwa na wengine. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi. Lililo wazi ni kwamba nyayo zile hazikuonekana tena mjini, na kwamba siku ile Rumaysa aliinua mikono yake baada ya sala, ingawa alikuwa bado hajajibiwa.

Nasi tuzingatie. Mja hakupewa kujua sababu ya kila msiba, na anayemsingizia Mola wake sababu huweza kumtenga mtu na rehema kuliko msiba wenyewe. Tulichopewa ni maji, vitambaa, na mikono ya kusaidiana inapokufa ganzi. Huenda rehema tunayoiuliza iko wapi hupita humo.

Wanaume wakaja na jeneza, Dhakwan akiwa miongoni mwao, wakambeba Nuwayra katika sanda yake kwenda kumswalia. Majirani wakajaa uani. Rumaysa akakusanya kata yake na vitambaa vyake, akaenda mpaka kizingitini, akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango kama ilivyo desturi. Wanawake wote wakanyamaza, wakisubiri neno.

Rumaysa akamtazama Atika. "Sina neno," akasema.

Atika akainuka kati ya waliokaa, akamfuata pale mlangoni, akamshika mkono ambao ulikuwa bado unanukia kafuri.

"Kama huna neno, usiende, Mama Hunayna. Rudi ndani ukae nami."