Tandiko la Nkatha

"Jicho la wivu huona tandiko, kwato halizioni." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno hayo, na sasa mnataka kujua farasi aliingiaje katika mambo ya watu wazima. Sogeeni karibu na moto, wajukuu wangu. Methali hii ilizaliwa hivi.

Kijiko kilikuwa kikikwaruza kopo. Kila siku ya safari, jogoo akiwa bado hajawika, Kagendo aliisikia sauti hiyo kutoka jikoni: kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru tena. Alijua ni nani. Alikuwa Nkatha, mke wa kaka yake, na kopo lile lilikuwa la mafuta ya kondoo.

"Mama," Kagendo alinong'ona alfajiri moja, "wifi anakula mafuta peke yake gizani."

Mama yake akageukia ukutani. "Kama anayala, basi tumbo lake limetoboka, maana sioni anaponenepea. Lala, mwanangu."

Kagendo hakulala. Kwao palikuwa juu sana, mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, pale mashamba yanapoishia na mbuga ya baridi inapoanza. Msimu wa baridi vijana walikaa kule juu na kondoo, na theluji iliweza kuanguka usiku mmoja ikafunika nyasi zote. Muriungi, kaka yake Kagendo, alikuwa huko na wenzake. Unga wao ulipelekwa na farasi mmoja jike wa rangi ya kijivu, jina lake Majivu, ambaye Mzee M'Ikiara, baba yao, alimpata alipoacha kazi katika shamba la farasi.

Tangu utotoni Kagendo ndiye aliyemkatia Majivu nyasi. Alijiwekea moyoni kwamba siku baba yake atakapochoka kupanda mlima, kazi ile itakuwa yake. Baba akachoka, naye akampa Nkatha. Nkatha aliyeolewa pale juzi tu, binti wa mabondeni kwenye migomba, ambaye kabla ya kuolewa hakuwahi kuiona theluji. Tena akanunuliwa tandiko jipya la ngozi, jekundu kama udongo wa njiani.

"Baba, kwa nini yeye?" Kagendo aliuliza.

"Muulize Majivu," mzee akajibu, akaendelea kusokota kamba yake.

Tangu hapo Nkatha akicheka, Kagendo aliona anachekwa yeye. Akinyamaza, aliona anaringa. Jioni Nkatha alimwachia kiazi kikubwa kuliko vyote, na Kagendo akakitafuna kwa hasira, akisema moyoni, ananihurumia. Siku za safari alisimama nyuma ya ua akilitazama lile tandiko likipanda kilima, watu wakimpungia mikono aliyelikalia. Alilitazama mpaka likapotea, akabaki na macho yanayowasha.

Siku moja theluji ilishuka chini kuliko ilivyozoeleka. Kagendo hakukingoja kijiko. Aliamka kabla ya wote, akamtandika Majivu, akapakia mifuko ya unga. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, ilikuwa baridi kali. Alipoisukuma mdomoni, Majivu alirudisha kichwa nyuma na kulaza masikio.

"Na wewe pia unamtaka yeye," Kagendo alisema, akambana mpaka akaipokea.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Kagendo alikaa wima, akiwaza Muriungi na wenzake watakavyotoka vibandani kumlaki. Akamhimiza Majivu aende mchakamchaka. Lakini theluji mbichi ilikuwa ikishikamana chini ya kwato na kujikaza kila hatua, mpaka farasi yule akawa anatembea juu ya mabonge manne ya barafu, akiyumba kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Kagendo alidhani ni uvivu. Akampiga kwa visigino.

Penye mwamba, njia inapopita kando ya korongo, miguu ya nyuma iliteleza. Kagendo akarushwa kwenye theluji. Majivu alianguka kwa magoti, akainuka, akasimama akitetemeka, kwato zake za nyuma zikiwa ukingoni kabisa. Kila alipojaribu kusogea aliteleza kurudi nyuma. Kagendo alizishika hatamu kwa mikono miwili. Hakuthubutu kuvuta, wala hakuthubutu kuachia. Akilini alimwona Majivu akiwa chini ya korongo, akajiona mwenyewe akiingia uani kwa baba yake na hatamu tupu.

Ndipo aliposikia mtu akihema. Nkatha alikuwa anapanda kwa miguu akifuata nyayo, kopo likiwa limefungwa kiunoni kwa leso.

"Wifi, umeumia?"

Kagendo alikuwa amejitayarisha kwa kila tusi, si kwa swali hilo. "Mkono kidogo. Farasi..."

"Namwona. Mshike hivyo hivyo, usimvute. Mwongeleshe, anaijua sauti yako."

"Anakujua wewe."

"Wewe ndiye uliyemlisha miaka yote. Mimi ananinusa tu kwa sababu nanuka kondoo."

Nkatha akapiga magoti kwenye theluji. Akainua ukwato mmoja, akachokoa bonge kwa mpini wa kijiko, kisha akakwaruza mafuta koponi na kuyapaka chini ya ukwato taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Kagendo aliisikia sauti ile na shingo yake ikapata joto.

"Hiyo ndiyo kazi unayoifanya alfajiri?"

"Penye mafuta theluji haishiki. Na lijamu huitia kwapani kwanza ipate joto, la sivyo chuma kinamng'ata ulimi. Ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unakula."

Nkatha alimtazama, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Mafuta ya kondoo yaliyoganda? Wifi, hayo hata fisi angeomba chumvi."

Kagendo naye akacheka, machozi yakimtoka. Ukwato wa mwisho ulipopakwa, Majivu alipiga hatua moja, ikashika. Akapiga ya pili, akatoka ukingoni.

"Panda," Kagendo alisema, akinyoosha hatamu.

"Hapa hapandwi. Ninaogopa theluji, wifi, ndiyo maana nilimuuliza Baba kila kitu, na penye mteremko hushuka nikatembea."

Kagendo hakuwahi kuuliza. Alidhani kukata nyasi kunatosha.

Walikwenda kwa miguu, huyu upande huu wa kichwa cha farasi na yule upande ule. Vibanda vilipoonekana na ardhi ikawa tambarare, Nkatha alisimama. "Sasa panda wewe. Kaka yako akuone ukifika."

Kagendo alilitazama lile tandiko jekundu kwa muda. Kisha akatikisa kichwa. "Nipe kopo nikubebee."

Waliporudi alimweleza baba yake yote, bila kupunguza. "Jicho langu liliona tandiko, Baba. Kwato halikuziona." Mzee aliyachukua maneno hayo akayapeleka barazani, lakini hakumtaja aliyeyasema. Ni Kagendo mwenyewe aliyekuja kuwasimulia wanawe.

Baadaye Kagendo aliolewa upande wa pili wa kilima. Nkatha alipokwenda kumsalimu akiwa amempanda Majivu, wanawake wa kule walikusanyika kisimani wakinong'ona, "Mtazameni anavyojikweza juu ya ngozi nyekundu."

Kagendo alitua mtungi wake. "Jicho la wivu huona tandiko," aliwaambia kwa upole, "kwato halizioni."

Jioni alimsindikiza wifi yake hadi mwanzo wa mteremko, pale Nkatha aliposhuka ili atembee. Kagendo akamshika mkono, asiuachie upesi.

"Njoo tena, wifi," alisema. "Hata ukiwa huna la kuniambia, wewe njoo."